Hakuna Pipa Tupu

6 Mei, Jumatatu

Kazi ya usalama nimeianza kwa kumzimia taa mke wa tajiri.

Kila msimu wa alizeti ukifunguliwa, Mzee Ramesh, mwenye kiwanda cha mafuta, huvunja nazi mbele ya mashine, na mkewe, Mama Lalita, huwasha taa ndogo ya samli na vijiti vya ubani ili kazi iende salama. Sina neno na dua ya mtu. Lakini safari hii taa waliiweka sakafuni, mlangoni kabisa mwa chumba cha heksani, na nyuma yake mapipa yamepangwa kama maharusi. Nikasema shikamoo, nikasema samahani, nikaipuliza. Mama Lalita alinitazama kama nimepuliza keki ya mwanawe.

Mzee aliuliza kwa upole nina sababu gani. Nikamweleza nilivyofundishwa Dodoma: heksani inashika moto kwa wepesi kama petroli, na mvuke wake haupandi juu kama wa chai. Unatambaa chini, unafuata sakafu kama maji, mpaka ukutane na moto. Na taa iko chini. Alifikiri kidogo, akainama, akaibeba taa mwenyewe mpaka getini, dua ikamaliziwa huko. Nimefurahi. Nimejiambia na huyu mzee nitaelewana.

Mwalimu wa mafunzo alituagiza tuandike kila siku, hata mstari mmoja. Basi ndiyo haya.

7 Mei

Mkutano wa wafanyakazi. Nilipotamka neno mvuke, wote wakaangalia dari. Nikasema chini, jamani, chini. Wakaangalia viatu vyao.

10 Mei

Nimemkuta Gaspari, fundi wetu wa kuchomelea, ananawa grisi mikononi kwa heksani aliyoijaza kwenye chupa ya soda. Chupa iko mfukoni mwa ovaroli. Mtu ambaye kazi yake ni cheche!

Anasema ndiyo dawa pekee inayotoa grisi. Hapo ndipo nilipoona tatizo liko wapi. Hapa kiwandani hakuna anayesema heksani, wanasema dawa. Mashine ikishakamua alizeti, mashudu yanabaki na mafuta ndani, na dawa ndiyo inayaosha mpaka yatoke yote. Sasa kitu ukishakiita dawa, nani atakiogopa? Nimeichukua chupa nikairudisha stoo, na Gaspari nimempa sabuni ya unga. Ameipokea kwa vidole viwili.

13 Mei

Nimeanza kukusanya viberiti na simu getini. Mpaka saa nne nilikuwa nimeshapewa jina: Mama Kiberiti. Aliyelitunga ni Martina, jirani yangu na shoga yangu wa miaka yote, na alilitamka mbele yangu bila haya. Nimecheka. Sisi Wanyiramba wa Ulemo tukianza kununa kwa utani wa Wanyaturu kama yeye, hatutakula chakula.

14 Mei

Magunia ya alizeti yamefika mengi. Vumbi. Hakuna jipya.

21 Mei

Tulikuwa tunarudi nyumbani Mwankoko na Martina, akanieleza jinsi atakavyoliweka pipa lake pembeni ya jiko, kwenye kivuli, na kifuniko cha mbao ambacho mumewe Petro ameshakichonga.

Ni desturi ya kiwanda tangu enzi za baba yake Mzee Ramesh. Siku ya kufunga msimu, wafanyakazi wachache wa muda mrefu hupewa pipa la chuma ambalo heksani yake imeisha. Tajiri hulikabidhi kwa mkono wake, watu wanapiga makofi, na mtu analiviringisha mpaka kwake kama amepata ng'ombe. Kwetu huku kiangazi kikikaza, mwenye pipa la maji uani ana usingizi na asiye nalo hana. Martina amesubiri zamu yake kwa miaka. Mwaka huu ni yeye.

Halafu Petro atalifungua kwa tindo na nyundo, kama wenzake wote wanavyofanya. Nilitembea naye mpaka nyumbani nikiitikia ndiyo, ndiyo. Dodoma walituonyesha picha za watu waliofungua mapipa ya namna hiyo. Sikumwambia kitu. Nitaanza na tajiri kwanza.

3 Juni

Nimeenda kwa Mzee Ramesh. Taa niliweza kuihamisha, pipa limenishinda.

Nilimweleza kwamba pipa lililojaa ni afadhali, maana ndani hakuna nafasi ya mvuke. Lililomwagwa linabaki na matone kwenye mikunjo ya chuma, na matone hayo yanajaza pipa zima mvuke unaosubiri cheche moja tu. Tindo ikigonga chuma, hiyo ndiyo cheche. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia baba yake aligawa, yeye amegawa, watu wameoga, wamefua, wamepikia maji ya mapipa yale, na hajawahi kuzika mtu. Akasema zawadi ile ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo wafanyakazi wanamtazama usoni kama mtu na si kama tajiri.

Kusema kweli lile neno lilinigusa. Lakini sikutoka mikono mitupu. Nimemfanya akubali jambo moja: nitaweka masharti kwa maandishi ya namna mapipa yanavyotoka stoo, na mwenye stoo atayafuata.

12 Juni

Tangazo nimelibandika mlangoni mwa stoo, kwa herufi kubwa nyekundu: PIPA LENYE HEKSANI LISITOKE HAPA BILA KIBALI CHA SCHOLASTIKA. Chrispin, mtunza stoo, amelisoma mara mbili na kusema limeeleweka. Chrispin ni mtu wa kufuata maandishi. Ukimwandikia simama, atasimama mpaka umwandikie kaa.

13 Juni

Upepo umeanza, ule wa baridi unaotoka mashariki. Midomo imepasuka.

26 Juni

Hewa imekauka mpaka sweta linalia ukilivua. Asubuhi nilivua la kwangu getini, likatoa vicheche vya buluu, wote wakaona. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Nimetumia nafasi hiyo hiyo: kuanzia leo haingii mtu na sweta la mtumba chumba cha heksani, ni ovaroli za pamba tu, na hakuna kumimina heksani kabla waya wa kupeleka umeme ardhini haujabanwa kwenye pipa. Gaspari mwenyewe ndiye aliyekwenda kuukaza waya. Nilitaka kumkumbatia, ila nilijizuia kwa sababu angetangaza.

27 Juni

Wamevaa ovaroli wote. Wanatetemeka, wananilaani, lakini wamevaa.

8 Julai

Bomba la mtaa halijatoa maji wiki nzima. Martina anaamka alfajiri kupanga foleni kwenye kisima cha upande wa pili, anafika kazini macho mekundu. Leo amesinzia akiwa amesimama, kwenye mkanda wa mashudu. Nimemshika bega nikamweka kando. Hakusema asante, alisema tu, "Mwezi ujao nitakuwa na pipa langu."

15 Julai

Nimemwambia.

Nilichagua Jumatatu, wakati wa chai, tukiwa wawili nyuma ya ghala. Nilimwambia sitaki apokee pipa lile, na kama nikiweza nitazuia lisigawiwe kwa mtu yeyote. Nilimweleza yote, mvuke, matone, tindo. Nilimwambia nimeshapiga simu kwa waliotuuzia heksani, wamekubali kuyachukua mapipa yao yakiwa yamefungwa vizibo, na kwamba nambana tajiri atoe mapipa ya plastiki badala yake.

Martina alinywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Gaspari alipewa. Mama Stumai alipewa. Wote unachota maji kwao ukiishiwa. Ilipofika kwangu ndiyo limekuwa bomu?"

Nilirudia habari ya mvuke kama kasuku, na kadiri nilivyorudia ndivyo uso wake ulivyofunga. Aliondoka akiacha kikombe chini. Naandika hapa kwamba nimeumia. Ningekuwa yeye, na mimi ndiye nimesubiri miaka yote, ningesema maneno makali zaidi.

16 Julai

Hajanisalimu.

17 Julai

Hajanisalimu.

19 Julai

Amemsalimu Gaspari aliyekuwa kushoto kwangu na Chrispin aliyekuwa kulia kwangu. Mimi katikati nimerukwa kama shimo. Mzee Ramesh naye bado anasema atalifikiria suala la plastiki. Mimi siachi. Kesho nitamfuata tena, na kesho kutwa.

23 Julai, Jumanne

Leo naandika kwa urefu.

Jumanne ya leo nilikuwa zamu ya asubuhi. Mchana nilipita kukagua banda la mapipa yaliyomwagwa, nikaona pengo. Mapipa huwa yanasimama yamebanana, kwa hiyo pengo linaonekana kama jino lililong'oka. Nikamuuliza Chrispin. Akanijibu bila wasiwasi wowote kwamba Martina alilichukua Ijumaa jioni, zamu yake ilikuwa imefika na maji mtaani hakuna, ameona amsaidie mapema.

Nilikimbia. Sikuvua ovaroli, sikuaga. Nilidandia bodaboda hapo getini na kumwambia aende Mwankoko hata kama polisi wapo njiani. Martina alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo nilijua yupo nyumbani. Na nilijua Petro yupo.

Nilipoingia uani kwao niliona kwanza mambo mazuri, ndivyo akili inavyokuwa. Nguo zimeanikwa. Martina anapepeta mtama. Halafu nikaona pipa limelazwa ubavu kwenye mawe matatu, na Petro amechuchumaa karibu na mdomo wake, na Elina, binti yao wa mwisho, amekumbatia mzigo wa mabua makavu ya alizeti. Kiberiti kilikuwa mkononi mwa Petro.

Baadaye ndiyo nilielewa. Walikuwa wameliosha kwa majivu na sabuni, wakalirudishia kizibo, na bado likawa linanuka. Maji yenye harufu ile hayanyweki. Kwa hiyo kabla ya kulipasua kwa tindo, Petro akaamua afanye kama walivyomfundisha waliotangulia: kuichoma ile harufu. Unafungua kizibo, unatupia bua linalowaka ndani, harufu inaungua, basi. Wenzake walifanya hivyo na wakabaki hai, na ndiyo maana aliamini.

Mimi sikusema lolote la maana. Nilipiga kelele ambazo sijui zilikuwa Kiswahili au Kinyiramba, nikamkamata Elina na mabua yake nikamsukuma kwa mama yake, nikarudi nikakaa juu ya pipa. Ndiyo, nilikaa juu yake. Mtu wa usalama, mwenye cheti. Mwalimu wangu wa Dodoma angekirarua. Lakini wakati ule niliona njia moja tu ya kumfanya Petro asiwashe, nayo ni mimi mwenyewe.

Petro alisimama, amevimba. Aliniambia nimekuja kwake kumdhalilisha mbele ya mkewe kwa sababu ya wivu. Akasema, "Shemeji, pipa ni tupu. Nimelipindua mwenyewe, halikutoa hata tone."

Nikamwambia, "Kama ni tupu, washa."

Tulitazamana. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, maana nilikuwa sijui kama atawasha. Martina ndiye aliyekuja akamtoa kiberiti mkononi, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Hakunitazama. Aliniambia nichukue pipa langu niondoke.

Nimelikaza kizibo, nimelirudisha kiwandani kwa pikapu ya kiwanda, nyuma, wazi, mwendo wa kinyonga. Nililala hapo kwenye benchi la getini mpaka mwili uliporudi kuwa wangu.

24 Julai

Leo nilikuwa nimejiandaa kumla Chrispin mzima mzima. Nilimpeleka mpaka kwenye tangazo nikamwambia asome. Akasoma: pipa lenye heksani lisitoke hapa bila kibali. Akanigeukia, na jamani alikuwa na uso wa mtu asiye na hatia kabisa.

"Dada Scholastika, uliandika lenye heksani. Lile lilikuwa tupu."

Nilisimama pale nikisoma herufi zangu nyekundu. Mtego niliutega mwenyewe. Miezi yote nawaambia dawa isiitwe dawa, mvuke usitafutwe juu, na neno lenyewe linaloua, tupu, nimeliacha linapita mlangoni kila siku na kuliandikia kibali. Kwa Chrispin, kwa Petro, kwa tajiri, kwa kila mtu hapa, kitu usichokiona na kisichomwagika hakipo. Na lugha yetu inawaunga mkono.

Nimelibandua tangazo. Jipya linasema: HAPA HAKUNA PIPA TUPU. LOLOTE LIKITOKA, NIMELITOA MIMI.

Chrispin ameuliza sasa yale aliyokuwa anayaita tupu ayaiteje. Nimemwambia ayaite yaliyomwagwa. Amekubali.

25 Julai

Mzee Ramesh amesikia. Aliniita ofisini, akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia sita. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Lakini nilipomkumbusha kugawa zawadi nyingine, alisema wafanyakazi wanasema nimezidisha chumvi, kwamba pipa lile lingetoa moshi kidogo tu na kuisha. Hata Gaspari anasema hivyo. Hata, naona, yeye Mzee anatamani iwe hivyo.

Basi nitawaonyesha. Nimeshaandika barua kwa askari wa zimamoto.

2 Agosti

Zimamoto wamekubali. Watafanya wao, kwa utaratibu wao, machimbo ya zamani ya kokoto, mbali na watu. Wameniuliza tutatumia pipa gani. Nimewaambia lile lile la Martina.

9 Agosti

Martina bado haniongeleshi. Nimemwomba kupitia Gaspari aje Jumamosi ijayo na Petro. Jibu lililoletwa ni kwamba watakuja ili waone nitakavyoaibika.

17 Agosti, Jumamosi

Tulienda wote, kiwanda kizima, na majirani wa Mwankoko waliosikia. Upepo ulikuwa mkali, akina mama wamejifunga kanga mpaka masikioni. Askari walituweka nyuma ya tuta la udongo, mbali sana, mpaka wengine wakalalamika kwamba hawataona kitu. Mzee Ramesh alikuja na Mama Lalita, wakakataa viti.

Askari mmoja alituonyesha kizibo akiwa ameshakifungua, akasema kwa kipaza sauti kwamba pipa hili limeoshwa kwa majivu na sabuni na mwenye nalo, na halina hata kijiko cha kimiminika. Akauliza, ni tupu au si tupu? Watu wakajibu tupu, kwa sauti moja, na wengine wakanigeukia wakitabasamu. Petro alijibu kwa nguvu kuliko wote. Sikumchukia. Aliliosha kwa bidii, mwenyewe.

Walililaza pipa ubavu juu ya mawe, sisi tukaambiwa tuzibe masikio. Waliwasha kwa waya kutoka mbali.

Sijui niandikeje mlio ule. Haukuwa mlio tu, ulipita miguuni na kifuani. Kitako cha pipa kiling'oka kikaruka juu kikizunguka, kikaenda kutua kwenye miba mbali kule, na pipa lenyewe liliruka upande wa pili likagonga mawe likapasuka kama gunia. Halafu vumbi. Halafu mtoto mmoja wa jirani akaanza kulia.

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimesubiri siku hii kwa hamu mbaya, nikijiandalia kabisa namna nitakavyowatazama. Sikuweza kumtazama mtu. Nilichokumbuka ni kwamba na mimi nililikalia lile.

Mzee Ramesh alikuwa amemshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alisema, si kwa kuniambia mimi hasa, "Nilikuwa nawapa kwa mkono wangu." Alilirudia mara mbili au tatu, mpaka Mama Lalita akamwambia inatosha. Kabla hatujaondoka aliniita akasema nikaagize hayo ya plastiki, na ya chuma yarudi kwa wenyewe yote, na kwamba atasimama yeye siku ya kufunga msimu kueleza sababu. Gaspari alikuwa karibu, kofia mkononi.

Askari walipotoa ruhusa, Martina alikwenda peke yake mpaka yalipokuwa yale mawe yaliyolishikilia pipa. Petro akamfuata. Mimi nikabaki hatua chache nyuma, nikiogopa kukaribia. Nilimsikia akimuuliza mumewe, "Siku ile uani, wewe ulikuwa umechuchumaa wapi?"

Petro alionyesha kwa mguu.

"Na Elina?"

Hakuonyesha. Alitazama upande ule kilikoruka kitako, akakaa chini kwenye kokoto, akafunika uso kwa mikono yake yote miwili. Martina alisimama juu yake muda mrefu, hakumgusa wala hakumlaumu. Kisha akageuka, akanikuta nimesimama pale na ovaroli yangu kama mlinzi wa kiwanja.

"Scho," akasema. Hajaniita hivyo tangu mwezi wa saba. "Twende nyumbani ukale."

Nikaenda. Kwao uani Elina alikuwa anacheza na wenzake, na shangazi yake aliyebaki naye amekaa pembeni. Alipotuona alikuja mbio, akanishika mkono kwa adabu kama walivyomfundisha, akasema shikamoo. Nikaitikia marahaba. Kisha nikashindwa kuuachia ule mkono, naye akanitazama akingojea, mpaka mama yake akaniambia, "Mwache akanawe, Scho, chakula tayari."